Kidole Tumbo cha Kata Yetu

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa neno INI. Fundi rangi alikuwa amepanda ngazi mbele ya kituo cha polisi, analiandika juu ya mlango kwa rangi nyekundu, na ile herufi ya katikati ilikuwa bado inachuruzika. Nilikuwa nimebeba kuni za chai kichwani. Nikasimama. Nikafikiri polisi wamehama na muuza nyama anahamia, nikafurahi kidogo, maana bucha letu liko mbali. Sikumuuliza fundi. Mimi siulizi. Niliacha shule darasa la tano, na hata nilipokuwa darasani nilikuwa mtu wa kujua jibu na kuliacha liyeyuke mdomoni.

Kufika jioni mji wote ulikuwa umeandikwa. Posta ilikuwa MISHIPA YA FAHAMU. Soko lilikuwa TUMBO. Shule ya msingi, UBONGO. Msikiti na kanisa vinatazamana kwenye barabara moja, na fundi alikuwa ameagizwa moyo mmoja tu, kwa hiyo kila upande ulipata NUSU YA MOYO. Nyumba za kuishi zote, kuanzia ya mkuu wa wilaya mpaka yetu yenye bati la kutu, ziliandikwa MFUKO WA UZAZI. Hata ya padri.

*

Ilianza hivi, kama nilivyoisikia nikimimina chai kwenye ukumbi wa wilaya, ambako ndiko kazi yangu.

Kiongozi wetu, Mungu amzidishie, alikuwa anaumwa tumbo. Si sana. Upande wa kulia, chini, maumivu yanakuja na kuondoka. Kwa kuumwa huko akaanza kufikiria habari za mwili, na alipokuwa bado anafikiria akarudi Profesa Kashindye kutoka masomoni nje, amebeba mkoba wenye nadharia ndani.

"Mheshimiwa," Profesa alimwambia, "jamii ni mwili. Familia inazaa. Shule inafundisha. Dini inatuliza. Soko linalisha. Sheria inachuja uchafu. Kila taasisi ni kiungo, kila kiungo kina kazi, na kazi zote zikifanyika, mwili unatulia. Hakuna kinachokuwepo bure. Kilichopo, kipo kwa sababu kinafanya kazi."

"Na mimi?" akauliza Kiongozi.

"Wewe ni Kichwa, Mheshimiwa."

Inasemekana hapo ndipo nadharia ilipothibitishwa kisayansi.

Tangu siku hiyo tukawa mwili. Wakuu wa wilaya wakaitwa Shingo, kwa kuwa wao ndio wanaokibeba Kichwa na kukigeuza kinapotaka kutazama kwingine. Mwalimu mkuu wetu aliuliza kwenye mkutano kwamba, kama shule ni ubongo, na ubongo unakaa ndani ya kichwa, je, walimu nao hawapo serikalini? Profesa akamjibu kwa upole kwamba kichwa ni kile cha nje, chenye uso na sauti. Ubongo uko ndani, hauonekani wala hausemi. Wiki iliyofuata mwalimu mkuu alihamishiwa wilaya ya mbali ambayo siku hizi inaitwa Kisigino.

Hospitali ilifungwa. Hilo lilitushangaza mwanzoni, lakini tulipoelezwa tukaona ni kweli: hakuna mwili duniani wenye hospitali ndani yake. Waganga na wauguzi wakapakiwa na vitanda vyao kwenye kivuko cha kamba, wakavushwa mto kwenda Ng'ambo. Ng'ambo, tuliambiwa, hakuna kitu. Ni nje ya mwili.

Salamu nazo zikabadilishwa. Ukikutana na mtu njiani unasema, "Unafanya kazi?" naye anaitikia, "Nafanya!" Mwanzoni tuliona aibu, kisha tukazoea, kisha tukaanza kuwaogopa wanaochelewa kuitikia.

*

Shida ilikuwa moja. Viungo vyote viliandikwa, vyote vilifanya kazi, na mwili bado uliumwa. Unga ulipanda bei. Maji yalikatika. Daraja la sokoni lilianguka likiwa limebeba mbuzi wa watu. Kichwa akamwita Profesa na kumuuliza nadharia inasemaje juu ya mbuzi.

Profesa alifungua mkoba wake, akapekua karatasi. Kisha akasema, "Nadharia haina kosa, Mheshimiwa. Kwa hiyo kosa liko kwenye mwili. Ndani yake kumebaki kitu kisicho na kazi. Hata mwili wa binadamu unacho. Kinaitwa kidole tumbo. Kipo tu. Kinakaa, kinanyamaza, na siku moja kinaua."

Kichwa akashika tumbo lake upande wa kulia. "Kikatwe," akasema.

Ndipo kila kata ikaagizwa itoe kidole tumbo chake kabla ya mwezi kwisha. Mtu asiye na kazi kwenye mwili wa taifa atatafutwa, atasikilizwa kwa haki, kisha atavushwa Ng'ambo. Pale ukumbini ikaletwa machela moja na shuka moja jeupe. Kulifua nikapewa mimi. Nililifua, nikalianika, nikalipiga pasi, na kila nikilikunja najiuliza watamlaza nani.

*

Anayetafuta aliitwa Afisa Viungo. Kwetu alikuja kijana mmoja, Festo, mwenye muhuri na wino wa zambarau. Ukionekana una kazi, anakugonga muhuri mgongoni mwa mkono, nawe unaruhusiwa kutembea.

Alianzia kwa jirani yetu Kiroboto, ambaye ni mwizi. Simsengenyi, yeye mwenyewe hajifichi. Kuku wa mtaa mzima wanamjua kwa sura. Tulikuwa na hakika Kiroboto ndiye kidole tumbo chetu, na wengine walishaanza kumwonea huruma. Lakini Festo alitoka nje anatabasamu, na Kiroboto nyuma yake ameinua mkono juu. Muhuri ulisema MSULI WA MSHIKAMANO.

"Nadharia inanitambua," Kiroboto akatutangazia. "Nikipita na kuku wa mtu, mnatoka wote nje, Mwislamu na Mkristo, tajiri na maskini, mnakimbia upande mmoja. Lini tena mnakuwa kitu kimoja? Bila mimi ninyi ni watu baki. Mnidharau tena muone!"

Kisha Festo akaja kwetu.

Kwetu tulikuwa wawili, mimi na Shangazi Sikitu. Yeye ni dada yake baba, hana mume, hakuzaa, na nyonga yake ya kushoto mbovu. Alinichukua nikiwa mdogo, wazazi walipokufa. Siku zake alizipitisha kibarazani, kwenye benchi, miguu ameinyosha, ugoro kwenye kikopo. Alikuwa mtu wa kusema ovyo na kucheka kabla hajamaliza kusema.

"Hodi," akasema Festo.

"Karibu, baba. Kaa. Ondoa hilo sufuria, kaa."

"Mimi ni Afisa Viungo wa Kata."

Shangazi uso ukamng'aa. "Jamani, mlikuwa wapi siku zote? Iliki mnauzaje?"

"Sio viungo hivyo, bibi."

"Mdalasini basi."

"Viungo vya mwili wa taifa!"

Shangazi akautazama mkoba wa Festo, kisha akanitazama mimi. "Aa. Hivyo mimi situmii, baba. Vinanichoma kifuani."

Mimi nilikuwa mlangoni, nimeshika ufagio. Nilitaka kumfinya, na nilikuwa mbali. Festo akatoa muhuri. Akauliza swali lenyewe, lile la sheria, taratibu, kila neno peke yake:

"Wewe. Unafanya. Nini?"

Hapa lazima niwaeleze ninyi msiotujua. Kwetu, ukimuuliza mtu mzima anafanya nini, hata awe na malori na mashamba, hawezi kukutajia malori na mashamba. Atajishusha. Ni adabu tu, kama kuvua viatu mlangoni. Shangazi alilelewa vizuri. Akatabasamu, akafuta mikono kwenye kanga, akajibu kama alivyofundishwa na mama yake.

"Nipo tu, baba."

"Upo tu?"

"Nipo nipo tu. Tunamshukuru Mungu."

"Jina?"

"Sikitu."

Festo akashusha pumzi kama mtu aliyepata alichotumwa. Muhuri akaurudisha mfukoni. Kisha akanigeukia mimi na kuniuliza na mimi nafanya nini, nami kama kawaida yangu nikafungua mdomo pasitoke kitu.

"Anaitwa Mashavu," Shangazi akanisaidia.

"Mashavu!" Festo akapumua. "Kiungo tayari. Lete mkono."

Ndivyo nilivyopona. Shangazi aliushika mkono wangu, akausoma ule wino, akacheka mpaka ugoro ukamwagika. "Mimi mkono mtupu, wewe mashavu mkononi. Haya, utatafunia hapo."

Sikucheka. Nilikuwa nalifikiria shuka.

*

Siku ya kusikilizwa ilipangwa. Mtaa ukaja kibarazani kumfundisha Shangazi kuwa na kazi.

"Sema wewe ni mlezi wa kizazi kipya," akasema mama mmoja ambaye watoto wake walishinda kwetu.

"Mimi nimelea nini? Watoto wanacheza, mimi nimekaa."

"Sema ni wakala wa malezi."

"Wakala wa nini? Nikiulizwa duka liko wapi?"

Kiroboto akasogea, akachuchumaa mbele yake. Alimpenda Shangazi. Vitu vyake vya wizi vyote vilipumzika uvunguni mwa benchi lile kabla ya kuendelea na safari. "Shangazi, nisikilize mwanao. Sema unanipokelea mali. Utaandikwa upande wangu, msuli na msuli. Mimi nitakubali mbele ya watu."

"Kiroboto, nife mwizi uzeeni?"

"Hufi, unapewa muhuri!"

"Toka hapa na miguu yako michafu."

Walipoondoka alifunga kikopo cha ugoro. Akanitazama kwa jicho la pembeni. "Mashavu. Huko Ng'ambo kuna nini?"

Nikatikisa kichwa.

"Umekula?"

"Nimekula, Shangazi."

"Haya," akasema, na akaangalia barabara.

*

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mezani walikaa Bwana Ligola, ambaye ni mkuu wa wilaya yetu, yaani Shingo, na Profesa Kashindye aliyetoka makao makuu kwa ajili yetu, na Festo na muhuri wake. Machela ilikuwa imeegemezwa ukutani nyuma yao, shuka langu juu yake, limekunjwa vizuri. Wabebaji wamevaa makoti meupe. Paa la nje lilikuwa na vipaza sauti viwili ili hata walioko Tumboni, yaani sokoni, wasikie haki ikitendeka.

Bwana Ligola alihutubia kwanza. Alisema mwili huu ni wetu sote. Alisema kisu kinachokata kidole tumbo ni kisu cha upendo. Alisema yeye binafsi, kama Shingo, hulala vibaya akifikiria afya ya Kichwa. Watu wakapiga makofi, kwa sababu mikono yao iligongwa mihuri na walitaka ionekane.

Shangazi alikaa kwenye kiti cha mbele, ameinyosha ile nyonga mbovu. Alivaa kanga ya sikukuu.

Kiroboto akaomba kutoa ushahidi. "Waheshimiwa, huyu mama ana kazi. Mtaa mzima wakienda shamba wanaacha funguo kwake. Najua, maana mimi ndiye ninayeumia. Watoto wanaachwa kwake. Mke na mume wakigombana, mmoja anakuja kukaa pale mpaka hasira iishe."

Nikaona Profesa anaandika. Moyo wangu ukaanza kupanda.

"Safi sana," akasema Profesa. "Hiyo inaitwa kazi iliyofichika. Nadharia inaitambua kabisa. Taasisi inaweza kuwa na kazi ya wazi na kazi iliyofichika ambayo hata mhusika haijui."

"Haya basi!" akasema Kiroboto.

"Ila sasa umeitaja hadharani. Haijafichika tena. Imekuwa kazi ya wazi. Na kazi ya wazi huhitaji leseni. Bibi, una leseni?"

"Ya nini, baba?"

"Hana," akasema Profesa kwa huzuni, na akakata mstari juu ya alichoandika.

Kiroboto akabaki amesimama, mdomo wazi. "Kumbe ningenyamaza?"

"Ungenyamaza tusingejua. Kaa chini, Msuli."

Kisha wakauliza kama kuna mtu wa familia anayeweza kusema mshtakiwa anamfanyia kazi gani. Watu wote wakanigeukia. Nilikuwa nimesimama pembeni na birika la chai. Mikono ilitetemeka na mfuniko ukawa unalia, klik, klik, klik, na vipaza sauti vikaupeleka mlio huo mpaka sokoni.

"Sogea," akasema Bwana Ligola. "Huyu ni nani kwako?"

"Shangazi."

"Anakufanyia nini?"

Nilitafuta. Wallahi nilitafuta. Kupika najipikia. Kufua nafua mimi. Hela naleta mimi. Nikasema kitu pekee nilichokiona mbele ya macho yangu.

"Ananiuliza kama nimekula."

Profesa akainama mbele. "Na huwa umekula?"

"Nimekula."

"Asipokuuliza, hutakula?"

"Nitakula."

"Kwa hiyo swali lake halileti chakula."

"Halileti."

"Wala halikiongezi."

Nikatikisa kichwa. Shangazi akanitazama, akanitabasamia kidogo kama mtu anayemwambia mwingine, usijali, umesema kweli. Afadhali angenipiga.

"Mama Sikitu," akasema Bwana Ligola, "kwa mara ya mwisho. Mbele ya taifa. Unafanya nini?"

Mtaa mzima ulikuwa umemfundisha. Niliona midomo ya watu ikimnong'onezea, mlezi, wakala, mlezi. Shangazi akasimama kwa shida, kwa heshima ya wakubwa waliokaa mbele yake. Na kwa heshima hiyohiyo akainamisha kichwa.

"Nipo tu, wanangu."

Mtu mmoja nyuma akaguna kama aliyechomwa. Wabebaji wakaanza kulikunjua shuka.

*

Hapo simu ya Bwana Ligola ikalia. Akaitazama, akaruka kutoka kwenye kiti. "Ni Kichwa! Kimya! Ni Kichwa mwenyewe!" Akaiweka mbele ya kipaza sauti ili wilaya nzima isikie jinsi anavyofahamika.

"Haloo, Ligola," sauti ikatoka juu ya paa, nzito, inaguna kidogo kwa maumivu.

"Naam, Mheshimiwa Kichwa! Shikamoo!"

"Marahaba. Habari za huko?"

"Nzuri kabisa, Mheshimiwa."

"Unafanya nini saa hizi?"

Na Bwana Ligola, ambaye naye alilelewa na mama yake, akainamisha kichwa mbele ya simu, akacheka kile kicheko kidogo cha adabu.

"Aa, nipo tu, Mheshimiwa. Nipo nipo tu."

Vipaza sauti vilirudia mpaka sokoni. Nipo tu. Nipo nipo tu. Simu ikakatika. Kuku akawika mahali fulani, na nadhani Kiroboto alijua ni wa nani. Festo alikuwa ameshika muhuri hewani, haujui pa kushuka.

"Huyo naye!" Kiroboto akapiga kelele. "Wabebaji, mlazeni!"

Ukumbi ukalipuka. Watu walicheka kwa namna ambayo hatukuwa tumecheka tangu tuwe mwili. Bwana Ligola alikuwa anafuta jasho kwa kitambaa cha meza. Mimi nikafikiri, yamekwisha. Sheria haiwezi kumkata mmoja na kumwacha mwingine kwa neno lilelile. Nikaona kabisa tunarudi nyumbani, mimi nimebeba birika, yeye amenishika bega.

Wakaomba mapumziko ya chai. Niliwamiminia mimi, nyuma ya pazia, na waliongea mbele yangu kama mtu anavyoongea mbele ya kabati.

"Tukikata shingo," Bwana Ligola alinong'ona, "kichwa kitaangukia wapi? Hebu niambie, Profesa! Kitaangukia wapi?"

"Nadharia lazima ikae sawa," akasema Profesa. "Ngoja. Ngoja nifikiri. Niongezee sukari, binti."

Nilimwongezea. Nilimwongezea nyingi, nikimwombea afikiri vizuri.

Waliporudi mezani Profesa alisoma uamuzi. Alisema uchunguzi wa kina umebaini kwamba neno "nipo" lina aina mbili. Kuna nipo ya juu, ambayo husemwa na mtu mwenye kazi kubwa mno isiyotajika, na hiyo ni unyenyekevu. Na kuna nipo ya chini, ambayo husemwa na mtu asiye na cha kutaja, na hiyo ni ugonjwa. Zinasikika sawa masikioni. Zinatofautishwa na kiti cha msemaji.

Watu walitazama viti. Cha Bwana Ligola kilikuwa cha kuzunguka.

Wabebaji wakaja na machela, wakamwambia Shangazi alale.

"Kwani nipo mahututi? Nitatembea pole pole."

"Mgonjwa haruhusiwi kutembea, bibi."

"Mimi siumwi, mwanangu."

"Hatujasema unaumwa," akasema mbebaji, na hakusema kwa ubaya, alikuwa anamwelewesha. "Wewe ndiwe ugonjwa."

Wakamlaza kwenye shuka langu. Walipopita mbele yangu akanyoosha mkono ule mtupu, akagusa birika, akaurudisha haraka maana lilikuwa la moto. "Utakula?" akaniuliza.

Niliitikia kwa kichwa.

*

Bila Shangazi mtaa uliharibika, sifichi. Funguo zikapotea. Mtoto mmoja akaingia kwenye pipa la maji, bahati nzuri tupu. Kiroboto alizunguka akilia kwamba watu sasa wanakaa nyumbani kulinda mali zao na yeye atakatwa kwa kukosa kazi. Malalamiko yakafika makao makuu, na Profesa, tumshukuru, ni mtu wa kusikia. Alikiri kwamba pengo limeonekana. Lakini nadharia, alisema, inajua la kufanya na pengo: kiungo kikitoka, kingine hufanya kazi yake.

Wakatuletea Kaimu Sikitu.

Alikuwa kijana msafi, msomi, mwenye leseni iliyofungwa kioo. Aliketi kwenye benchi lilelile kibarazani kwetu, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa tisa na nusu. Alipokea funguo na kutoa risiti. Watoto aliwakalisha kwa mistari. Mke na mume waliogombana aliwapangia zamu. Na kila nilipopita kwenda kazini alisimama na kuniuliza, "Umekula?" Nikiitikia, ananigonga muhuri.

Hakuna kilichokosekana. Funguo hazikupotea tena. Hakuna mtoto aliyeingia kwenye pipa. Kila kazi ya Shangazi, ya wazi na iliyofichika, ilifanyika vizuri kuliko alivyoifanya yeye, kwa sababu yeye alikuwa anasahau.

Hapo ndipo nilipolia. Nilisimama nyuma ya nyumba, uso kwenye bati la kutu, nikalia asubuhi nzima, na chai ya wilaya ikachelewa.

Kisha nikanawa, nikaenda mtoni.

*

Nilikuta kivuko kimefungwa kwa watu wote. Askari wa Ini walikuwa wengi ukingoni, na katikati yao machela ya dhahabu. Aliyelala juu yake alikuwa amefunikwa uso kwa bendera, ameshika tumbo upande wa kulia, chini, anapiga kelele za maumivu, na sauti yake niliijua kutoka kwenye vipaza sauti. Nilielewa. Kilikuwa kidole tumbo cha kweli, na mwili mzima haukuwa na hospitali.

Askari mmoja akaniona. Akaja mbio, rungu juu, uso umempauka kwa hofu kuliko wangu. Alikuwa mtu ambaye nilimpelekea chai mara nyingi.

"Wewe! Umeona nini? Unafanya nini hapa?"

Nilikuwa na muhuri mkononi. Ningeunyanyua tu, ningesema nimetumwa na Shingo, ningerudi nyumbani kuulizwa kama nimekula na mtu mwenye leseni. Niliutumbukiza mkono mtoni. Nikausugua kwa mchanga mpaka wino ukatoka, na ngozi kidogo. Kisha nikamtazama usoni.

"Nipo tu," nikasema.

"Nini?"

"Nipo tu!" Nilisema kwa nguvu hata aliyefunikwa bendera akanyamaza.

Wakanipakia kwenye kivuko hichohicho, upande wa miguu ya Kichwa. Njia nzima alikuwa ananibana mguu kwa vidole vya miguu yake na kuniuliza, "Tunafika? Binti, tunafika?" Nikamwambia tunafika. Alikuwa mgonjwa, na mimi nililelewa.

Ng'ambo, ambako hakuna kitu, kulikuwa na mahema ya hospitali, na moshi wa jikoni, na watu wengi kutoka kata nyingi. Wauguzi wakamkimbilia Kichwa bila kumuuliza yeye ni kiungo gani. Na nje ya hema la mwisho palikuwa na benchi, na miguu imenyooshwa.

Aliniona kabla sijamfikia. Akaweka kikopo cha ugoro chini.

"Mashavu? Umekula?"

"Sijala, Shangazi."

"Haya, mtihani huo. Na huku umekuja kufanya nini?"

Nikakaa kando yake. Benchi lilikuwa linayumba upande mmoja kama lile la nyumbani. Na lile neno lililonikwama pale ukumbini mbele ya Profesa, lililobaki mdomoni tangu siku aliponichukua na kunipakata, nikaliona limekuja lenyewe.

"Sikukutaka kwa kazi yoyote, Shangazi," nikamwambia. "Nilitaka uwepo tu."